Kidonda cha Nyumba Juu ya Nyumba

Jumatatu, 11 Februari 1907

Kabla ya kurudi Mahenge, Padri ameniachia madaftari mawili. La kwanza, lenye jalada jekundu, ni la kazi. Anataka niandike yote ambayo watu wa hapa kivukoni wanasema juu ya ghorofa la Serikali, kwa sababu kwao Ulaya wako mabwana wanaopenda habari za namna hiyo. La pili alinipa tu, maana lililowa maji pembeni njiani. Hili ndilo la pili. Nitakayoona haya kumpa Padri nitayaweka humu.

Mimi ni Severini, katekista na seremala. Umri wangu naukisia miaka arobaini na sita. Wazazi siwakumbuki, nilikombolewa utumwani ningali mtoto, mapadri wakanilea Bagamoyo, wakanifundisha randa na kusoma, vyote kwa kiasi. Mke wangu Natalia ni Mndamba wa bonde hili, na ndiye aliyenifundisha kula kambale bila kuuliza maswali.

Nyumba yenyewe iko hivi, kwa atakayesoma bila kuiona. Ina chumba kikubwa chini, na kingine juu yake, na ngazi ya ndani pembeni. Kuta ni za matofali ya kuchoma, paa ni la bati. Ilijengwa mwaka 1903, na kutoka Ifakara mpaka uanze kupanda milima ya Mahenge hakuna ya pili. Ukija kwa mtumbwi unaiona kabla hujaona mti wowote. Watu wanaiita Nyumba Juu ya Nyumba. Imepakwa chokaa nyeupe, isipokuwa pembe ya upande wa mto. Pembe hiyo iliungua na kuanguka siku ya vita, Septemba 1905, ikajengwa upya kwa matofali mapya ambayo hayakupakwa kitu. Basi nyumba nzima ni nyeupe na pembe moja ni nyekundu kutoka chini hadi batini. Watu wanaiita kidonda.

Jumanne, 12 Februari

Nimeanza na Shaushi Mabruki, askari mzee anayelinda nyumba na kushika ufunguo wake. Ni Mwislamu, mtu wa mbali sana huko Sudani, na anapenda mazungumzo.

"Andika, Mwalimu," akasema. "Nyumba hii ilikua yenyewe. Jioni waliacha ukuta kiunoni, asubuhi wakaukuta kifuani."

"Nani kakuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Mimi ndiye ninayewaambia watu. Zamani waliiba mbao. Tangu niseme hivyo hawaji."

Nimeiandika katika daftari jekundu, na jina lake chini.

Jumatano, 13 Februari

Jumatano ya Majivu. Mvua kutwa.

Jumamosi, 16 Februari

Habari nilizopata wiki hii. Kwamba chini ya sakafu amelala chatu, na siku akijinyoosha nyumba itaanguka. Kwamba Mdachi aliyeijenga alikuwa na sanduku huko juu, na ndani yake alifungia mawingu; ndiyo maana mwaka ule mvua zilichelewa. Kwamba anayelala juu hazai, kwa kuwa amejitenga na ardhi. Hiyo ya mwisho ni ya Natalia. Nikamwambia, "Mbona sisi tumelala chini miaka yote na hatukuzaa?" Akanitazama kidogo, akasema, "Basi ungenipeleka juu tukajaribu." Tukacheka wote wawili, na hatukuwa tumelicheka jambo hilo siku nyingi.

Na ya nne, ambayo kila mtu anaisema kwa kushusha sauti: kwamba katika kidonda wamejengea mtu, ukuta usije ukaanguka tena.

Jumatano, 20 Februari

Nimemwona Mama Balbina kwenye kidonda. Huyu ni mama mzazi wa marehemu Fridolin, mfyatua matofali wetu wa zamani; macho yake yameingia ukungu, anatembea kwa kupapasa. Kila asubuhi anapita pale akienda mtoni. Leo nilikuwa karibu nikasikia. Aliweka kiganja ukutani, usawa wa nyonga, akasema taratibu, "Umeamkaje, mwanangu."

Nikamsogelea. "Shikamoo, mama. Mkristo hasalimii ukuta."

"Marahaba. Sisalimii ukuta. Namsalimia Fridolin."

"Fridolin hayumo humu. Hakuna mtu aliyejengewa humu."

"Wewe ulikuwepo wakijenga?"

Sikuwepo. Wakati ule nilikuwa nimekimbilia bomani Mahenge pamoja na watu wa misheni. Nilimwambia asiwatie watu hofu, naye akaniitikia "Haya, Mwalimu," kwa sauti ya mtu anayemwacha mtoto aseme.

Jumapili, 24 Februari

Baada ya sala walikuja Tekla na Marselino, na sasa lazima niandike kwa urefu.

Tekla ni mjane wa Fridolin. Anaishi na mama mkwe wake, Balbina, na ndiye anayemlimia na kumpikia. Marselino ni mvuvi, mwenye mtumbwi wa kuvushia watu. Vita vilimkuta milima ya Uchindile, ndivyo asemavyo, akaja hapa njaa ilipokuwa kali mwaka jana. Tangu hapo kila Ijumaa huacha samaki mlangoni kwa Tekla na kuondoka bila hodi. Ni mpole kupita kiasi. Alipokuja katekisimu alikuwa tayari anajua Salamu Maria yote. Nilimuuliza kajifunza wapi, akasema, "Njiani." Jambo jingine watu wanalomchekea: hapiti upande wa kidonda. Huzunguka nyumba nzima, hata akiwa na mzigo.

"Tumekuja na neno, Mwalimu," Tekla akasema. "Tunataka kufunga ndoa baada ya Pasaka."

Marselino alitikisa kichwa kukubali, akitazama vidole vyake vya miguu.

"Na mbele ya Padri utatikisa hivyo hivyo?" Natalia akamuuliza. Hata Marselino alitabasamu.

Nikasema sioni shida. Tekla yuko huru. Jina la Fridolin liko katika kitabu cha wafu. Lakini Tekla alikuwa na la ziada. "Mama hajakubali tuanue matanga. Anasema mtoto wake hajaenda mbali. Kwetu matanga yasipoanuliwa mimi bado ni mke wa mtu, hata kitabu kiseme nini. Zungumza naye, Mwalimu. Nimechoka kuwa si hapa wala pale."

Nikaahidi.

Walipoondoka nilifungua kitabu cha wafu. Januari 1906, kwa mkono wangu: *Fridolin, mfyatua matofali, mume wa Tekla, aliuawa vitani kivukoni, Septemba 1905.* Niliambiwa na mtu aliyeambiwa na mtu. Sikuuliza mara mbili. Na hapa niseme ukweli, maana ndiyo kazi ya daftari hili: nilikuwa na hasira naye. Nilimfundisha mimi, nilimsimamia ubatizo mimi, na vita vilipokuja akafuatana na kaka zake akanywa maji ya dawa, ati risasi zigeuke maji. Nilipoandika jina lake wino ulichuruzika kwa jinsi nilivyokandamiza kalamu.

Jumapili, 3 Machi

Mto unapanda. Mahindi kidogo yamepatikana kutoka Kiberege, Mungu ashukuriwe.

Jumatano, 6 Machi

Nimezungumza na Balbina. Hakuna kilichobadilika ila mimi nimelowa.

Jumapili, 17 Machi

Nimetangaza ndoa ya Tekla na Marselino mara ya kwanza. Desturi ni Jumapili tatu, na kila mara nasema: mwenye kujua kizuizi aseme. Hakuna aliyesema. Padri atakuja katikati ya Aprili kufungisha, mto ukimruhusu.

Jumanne, 19 Machi. Mtakatifu Yosefu

Ni siku ya maseremala, kwa hiyo sikufanya kazi. Mvua ilikata asubuhi. Nikaenda kwenye ghorofa nikalitazame vizuri jambo la Balbina, ili nimwonyeshe kwa hoja kwamba ukuta ni ukuta.

Mvua ilikuwa imeosha tope lote la chini. Niliweka mkono pale anapouweka yeye. Vidole vyangu vikazama.

Kuna matobo matatu katika uso wa tofali, sambamba, mawili marefu na la katikati fupi. Nikalijua mara moja. Wafyatua matofali wa hapa kila mmoja huacha alama yake tofali likiwa bichi, ili likipasuka tanuruni msimamizi ajue ni la nani. Alama ya Fridolin ilikuwa vidole vitatu, na kidole chake cha kati kilikatika kwenye kiungo kwa panga la kukatia matete. Mimi ndiye niliyekifunga kitambaa siku ile. Nikatazama jirani yake: jingine. Na jingine. Safu nzima kuzunguka pembe, vidole vya Fridolin.

Basi, nikajiambia, ndicho anachokipapasa bibi wa watu. Ni matofali ya zamani yaliyobaki, aliyoyafyatua kabla ya vita, wakayatumia kuziba. Nikafurahi kwamba nimepata hoja.

Halafu nikaona kinundu.

Hiki hakuna anayekijua ila mimi. Oktoba 1905, bomani Mahenge, bwana wa jeshi aliniamuru nitengeneze kalibu mpya ya kufyatulia matofali, ipelekwe huku kivukoni, kwa kuwa za zamani ziliungua zote. Nilipewa siku moja na ubao mmoja wa mninga wenye jicho, kile kifundo cha tawi. Jicho likachomoka, likaacha kishimo ubavuni mwa kalibu. Sikuwa na muda wa kuziba. Kila tofali lililotoka humo lina kinundu kama punje ya hindi. Niliona aibu, nikaomba Mungu pasiwe na atakayekitambua.

Matofali yale yana vidole vya Fridolin usoni na kinundu changu ubavuni. Udongo ule ulikuwa mbichi baada ya Oktoba. Yule niliyemwandika kafa Septemba alikuwa hai, amechutama, anafyatua matofali kwa kalibu yangu.

Na kama alikuwa hai siku zile, nani anajua kama si hai leo? Mateka wengi walifungwa minyororo wakapelekwa pwani. Basi Tekla ana mume, na mimi ninamwozesha mara ya pili.

Jumatano, 20 Machi

Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 21 Machi

Natalia: "Una nini? Unakula kama unasubiri kuitwa." Nikasema tumbo.

Ijumaa, 22 Machi

Nimemuuliza Shaushi Mabruki nani alijenga kidonda. Nilijifanya ni kwa ajili ya daftari jekundu.

"Mateka," akasema. "Mimi nililetwa baadaye. Aliyewasimamia kahamishwa, sijui wapi."

"Majina yao?"

"Majina? Walijulikana kwa alama za matofali. Mwenye matofali ya kutosha alipata uji wake jioni. Asiyefikisha alitazama wenzake wakila." Akageuza ufunguo wake mkononi. "Waliobaki hai walipelekwa pwani. Wachache waliachiwa kwa ugonjwa. Hiyo usimwandikie Padri jina langu chini."

Ndipo nilipotambua kwamba hii ndiyo habari pekee ya nyumba hii ambayo hakuna aliyewahi kunisimulia. Chatu wameniambia, sanduku la mawingu wameniambia.

Jumapili, 24 Machi. Matawi

Nimetangaza mara ya pili. Nilipofika penye "mwenye kujua kizuizi" nilitaka kuruka mstari, maana anayejua ni yule anayeuliza. Nikasoma hivyo hivyo. Mungu anisamehe. Nilimtazama Tekla akiwa ameshika tawi lake la mnazi mwitu, uso wake umefunguka kama sijauona tangu kabla ya vita, nikasoma.

Alhamisi Kuu, 28 Machi

Mvua haikatiki. Mawazo nayo.

Jumapili, 31 Machi. Pasaka

Sikutangaza. Niliimba, nikasoma Injili ya kaburi tupu, nikafunga kitabu.

Tekla alinifuata hadi karakana.

"Mwalimu, umetusahau?"

"Nitatangaza Jumapili ijayo. Mvua hii Padri hatafika upesi, hakuna haraka."

"Hakuna haraka kwako." Akasimama pale, maji yakimchuruzika. "Kama umeona ubaya kwa Marselino niambie. Mimi si mtoto."

"Sijaona ubaya kwake."

Nilisema kweli, na nilisema uongo pia, kwa kuwa siku hizi najiuliza mtu mzima anaogopaje ukuta. Akaondoka bila kuaga. Tekla hajawahi kuondoka kwangu bila kuaga.

Alhamisi, 4 Aprili

Mito ya Lumemo na Kilombero imeungana. Hatuoni tena ukingo.

Ijumaa, 5 Aprili

Maji yameingia kanisani hadi benchi la pili. Tumepandisha vitabu darini.

Jumamosi, 6 Aprili

Naandika nikiwa juu, katika Nyumba Juu ya Nyumba, nimekaa kwenye kiti kibovu cha Mdachi. Nimepata muda, sasa nieleze tangu mwanzo.

Kulipopambazuka maji yalikuwa kitandani. Tukatoka na watu wote wa kivukoni, vichwani tumebeba tulivyoweza. Shaushi Mabruki alikuwa amefungua mlango wa ghorofa, anaita, "Njooni juu, njooni juu." Hakuna aliyeingia. Watu walisimama nje, maji magotini, wakimtazama. Nikamwambia, "Waambie ukweli wa zile mbao." Akapaza sauti: "Nyumba haikukua! Niliwadanganya!" Mmoja akajibu, "Na sasa ndiyo tukuamini?"

Balbina ndiye aliyemaliza shauri. Alisukuma watu kwa kiwiko. "Nipisheni. Mwanangu yumo humu, nitaogopa nini?" Akaingia. Wengine wakaona haya kubaki nyuma ya kikongwe asiyeona, wakafuata.

Marselino hakuingia. Tangu alfajiri alikuwa anazunguka na mtumbwi akiwatoa watu juu ya mapaa, anawashusha mlangoni, anarudi. Nilihesabu safari nane, baadaye nikaacha.

Huku juu, baada ya hofu kupungua, ikawa kama sikukuu. Natalia alitafuta sanduku la mawingu, akapata chupa tupu tatu na kiti. Watu walijazana madirishani. Hakuna aliyewahi kuliona bonde hivi: maji mpaka milimani, na vichwa vya matete kama nywele. Walitazama mapaa yao wenyewe kutoka juu, mara ya kwanza maishani. "Ndiyo maana panavuja," mama mmoja akamwambia mumewe. "Tazama ulivyoezeka. Miaka minne unaniambia ni upepo." Tukacheka sana.

Kicheko kilikatwa na sauti ya Balbina ngazini.

Ngazi inapanda pembe ile ile, kandokando ya kidonda, na kwa ndani ukuta haukupakwa kitu. Balbina alikuwa amekaa chini, maji yalipofika ngazi ya tatu akaambiwa apande. Alipanda kwa kupapasa ukuta, kila ngazi anaweka kiganja, anasema kitu kwa sauti ndogo. Karibu na juu akasimama.

"Huyu si mwanangu."

Tekla, aliyekuwa amemshika kwa nyuma, akasema, "Twende, mama."

"Nakuambia si yeye. Huku chini ni yeye. Hapa ni mtu mwingine. Weka mkono. Huyu ana kidole kizima."

Tekla akaweka mkono. Nikashuka nikaweka wa kwangu. Alama ni ile ile ya vidole vitatu, lakini kuanzia safu ile kwenda juu vidole vyote ni virefu. Chini yake, la katikati ni fupi. Hakuna safu iliyochanganyika.

Nikaona sina tena pa kujificha. Pale pale ngazini, Tekla ngazi moja chini yangu, nikamwambia yote: kalibu, kinundu, siku kumi na nane nilizonyamaza, tangazo nililolisoma nikijua. Nikamwambia kwamba nilimwandika mumewe mfu kwa hasira, si kwa ushahidi. Tekla aliendelea kuingiza vidole katika tofali moja, anatoa, anaingiza.

"Alikuwa hai," akasema mwishowe. "Halafu nani huyu?"

"Ni mimi."

Marselino alikuwa amesimama chini kabisa ya ngazi, maji kiunoni, mkono mmoja bado umeshika kasia. Ndiyo mara ya kwanza kumwona ndani ya nyumba ile.

"Sikuwa Uchindile," akasema. "Nilikuwa hapa, mateka, pamoja naye. Tulifungwa mnyororo mmoja. Homa ilimshika tukiwa tumefika nusu ya pembe. Hakuweza kufyatua. Na asiye na matofali hana uji. Nikafyatua ya kwangu na ya kwake, nikatia alama yake kwenye ya kwake. Msimamizi hakutazama kidole, alitazama alama tu."

"Alikufa lini?" Tekla akauliza.

"Kabla ya ukuta kufika darini. Mwanzo wa Desemba. Nilimzika kando ya tanuru, mimi na mwenzangu mmoja ambaye naye hayupo. Sikumwambia msimamizi; yeye alihesabu matofali, si watu. Nikaendelea kutia alama yake siku kumi na moja. Siku kumi na moja nilipokea uji wa maiti nikaunywa. Ndiyo maana mimi niko hai. Ndiyo maana sipiti upande huu."

"Na samaki wa Ijumaa?"

"Nilikuwa narudisha."

Tekla alishuka ngazi mbili. Nilidhani atampiga. "Sikuulizi uji," akasema. "Mwaka mzima unamwona mama huyu anaamkia ukuta. Unampita na samaki wako. Ulijua alipolala, ukanyamaza."

Marselino aliegemeza kasia ukutani. "Watu walishasema alikufa siku ya vita, mara moja, kwa risasi. Nikaona ni kifo kizuri kuliko kile nilichokiona. Nikamwachia."

Hapo Balbina aliketi ngazini, taratibu, kama mtu aliyefika nyumbani.

"Njoo hapa, wewe."

Akapanda. Akapiga magoti ngazi ya chini yake, maji yakimtoka. Balbina alitafuta mkono wake wa kulia, akavishika vidole vitatu, kimoja kimoja, akavilinganisha na tofali.

"Siku ya mwisho alikula?"

"Alikula, mama. Alikuwa hawezi kushika bakuli, nikamnywesha."

"Uji wa nani?"

"Siku ile sikufikisha matofali ya watu wawili. Nilikuwa na uji wa mtu mmoja. Tuligawana."

"Basi mmekula pamoja," Balbina akasema. Hakuuachia mkono.

Baadaye kidogo nilimuuliza Marselino ile Salamu Maria aliisikia njia ipi. Akasema walipokuwa wanakanyaga udongo Fridolin aliisali kwa sauti, kwa mwendo wa miguu, kutwa nzima, ikamwingia. Nikageukia dirishani, kwa sababu sikutaka anione. Mwaka mmoja na zaidi nimekuwa nikimkasirikia mtu ambaye, kwenye udongo ule, alikuwa katekista mwenzangu.

Jumapili, 7 Aprili

Sala tumesali huku juu, wote, na Shaushi Mabruki akakaa mlangoni kwa heshima. Tekla na Marselino walikaa mbali mbali. Sikutangaza kitu.

Ijumaa, 12 Aprili

Maji yanashuka. Mlangoni kwa Tekla leo hapakuwa na samaki. Marselino alisimama mtoni na kapu lake, hajui aende au asiende. Nilimwona Tekla akitoka, akaenda mwenyewe akalichukua kapu. Hakumtazama Marselino. Lakini alilichukua.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimefungua kitabu cha wafu. Nimepiga mstari mmoja juu ya maneno yangu ya zamani, mwembamba, ili yasomeke, na chini yake nimeandika: *Fridolin, mfyatua matofali, alikufa kwa homa na njaa, mateka, kando ya tanuru la kivukoni, mwanzo wa Desemba 1905, akiwa anasali. Alizikwa na Marselino.* Safari hii kalamu ilikwenda polepole.

Jumamosi, 18 Mei

Padri amefika. Nimeungama. Jambo la Fridolin ameliafiki kama nilivyoliandika upya. Nikampa daftari jekundu. Amefurahia sana chatu.

Jumatano, 29 Mei

Ardhi imekauka kiasi cha kukanyaga. Marselino alitutangulia hadi kwenye tanuru. Gharika ilisomba tuta lote la kaburi, lakini udongo ulioungua haupotei rangi, tukaujua. Balbina alichutama akapapasa ardhi mpaka akaridhika. Nimesimika msalaba wa mninga. Safari hii nilichagua ubao usio na jicho. Tumerudi, tukaanua matanga: wanawake walinyolewa, vyungu vikaoshwa, Tekla akavua kaniki ya msiba. Jioni Balbina akamwambia mbele ya wote, "Sasa wewe ni wa kwenda unakotaka." Tekla akajibu, "Nikienda, nakwenda na wewe." "Nilijua," Balbina akasema. "Nimeshafunga kitanda."

Jumapili, 2 Juni

Nimetangaza mara ya tatu. Nilipouliza kizuizi, nilisubiri kwa makusudi, kimya, mpaka Natalia akakohoa.

Jumatano, 5 Juni

Wamefunga ndoa. Marselino alijibu Padri kwa mdomo, si kwa kichwa. Tulimpigia vigelegele kwa hilo tu.

Alhamisi, 13 Juni

Amri imetoka Mahenge: bwana mkubwa atapita, kidonda kipakwe chokaa nje na ndani, nyumba iwe na rangi moja. Nimeteuliwa msimamizi wa kazi. Balbina amesikia. Hakuniuliza kitu, alipita tu asubuhi kama kawaida, maana siku hizi ana safari mbili: tanuruni, halafu hapa. "Kule amelala," anasema, "hapa alifanya kazi."

Jumamosi, 15 Juni

Kazi imekwisha. Ghorofa ni jeupe lote, ukilitazama kutoka mtoni macho yanauma. Shaushi Mabruki alizunguka kukagua, mikono mgongoni. Alifika pembe ya mto, akainama.

"Mwalimu, hapa chini mmeruka. Tofali moja. Na kule ndani ngazini mmeruka mawili, moja juu ya jingine, pale vidole vinapobadilika."

"Chokaa haikutosha," nikasema.

Akautazama mtungi nyuma yangu, uliojaa hadi shingoni. Kisha akachukua kifuniko, akaufunika.

"Haikutosha," akasema.

Padri anarudi Jumamosi ijayo. Nitauungama uongo huo pamoja na dhambi nyingine, ila sitaahidi kuurekebisha.